Tulivyohamia Kabla ya Mvua

Dar es Salaam mtu anaweza kuhamia kibishi. Anaziba madirisha kwa mabati chakavu, anatandika mkeka juu ya kifusi, na jua la pwani linamvumilia mpaka apate hela ya fremu na milango. Nimeona ndugu zangu wakifanya hivyo Chanika na Kivule, na leo wana nyumba nzuri. Hapa Tukuyu mambo hayaendi hivyo. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Iko miteremko inayotazama Ziwa Nyasa inayokaribia 3,000. Dodoma, kwa kulinganisha, haifiki 600. Mvua zinaanza Novemba na kukoza Machi na Aprili, na hata Juni na Julai, wakati kwingine vumbi limetawala, sisi tuna ukungu, manyunyu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Nyumba ambayo haijaonyeshwa ipeleke wapi maji haimaliziki kwa ndani, kwa sababu chochote utakachokiweka ndani maji yatakifuata humo humo.

Sisi tulijenga upande wa Katumba, kwenye mteremko uliokuwa shamba la migomba la babu yake mume wangu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni bati la geji 28. Tulipomaliza kupaua, pesa ndiyo ikaanza kutazamwa kwa jicho la pili. Tulikuwa na mshahara wangu wa ualimu, parachichi za shambani, na mkopo mmoja wa chama cha akiba. Huku nyuma kodi ya nyumba tuliyopanga mjini ilikuwa inadaiwa kila mwezi, na kila niliyekutana naye sokoni alikuwa na swali moja: mnahamia lini?

Agosti ile tulikaa na fundi wetu juu ya matofali yaliyobaki, kikokotoo mkononi. Mume wangu alikuwa na orodha yake, na ya kwanza kabisa ilikuwa marumaru za sebuleni. Mimi nilikuwa nimeandika dari na rangi. Fundi, mzee wa Mpuguso aliyeanza kazi hii akiwa kijana mdogo, alizisoma orodha zote mbili taratibu, akazirudisha.

"Mwalimu," akaniambia, "hela hii yote iende nje kwanza. Ndani hakuna haraka."

Mume wangu hakukubali siku ile. Tulibishana njiani mpaka nyumbani, na tukaendelea baada ya chakula. Hoja yake ilikuwa ya haki: nje hakuonekani, na mtu akija kukutembelea anakaa sebuleni, hakai kwenye mfereji. Lakini asubuhi aliamka akasema twende tukaone mteremko vizuri, na mteremko wenyewe ndio uliotuamulia.

Kiwanja chetu kinapokea maji ya watu wengine. Juu yetu anaishi bibi mmoja mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la majani ya Guatemala. Nilimwendea jioni, nikachuchumaa kumsalimu kama ilivyo desturi ya huku.

"Ugonile, bibi?"

"Ndaga, mwanangu. Naona nyumba yenu imesimama."

Nikamweleza kwamba tunataka kuchimba mfereji juu ya nyumba, na kwamba tungeomba tuelewane maji ya kwake yatoke wapi. Hakukasirika. Alichukua fimbo yake akanipeleka mwenyewe katikati ya migomba, giza likiwa linaingia, akanionyesha kibonde ambacho mimi nilikuwa nimekivuka mara nyingi bila kukijali. Hakikuwa na kina hata cha goti, na kilikuwa kimejaa majani makavu ya migomba.

"Maji yanapita hapa tangu enzi za mama mkwe wangu," alisema. "Mkiyafuata hapa hayatawasumbua. Mkiyahamisha, yatarudi."

Tukayafuata. Mfereji wetu unaanzia kwenye kibonde kile, unapita ubavuni mwa nyumba, na unaishia kwenye korongo la chini. Tuliujengea kwa mawe meusi ya volkano, ambayo Rungwe hayanunuliwi kwa bei kubwa, na kwenye kingo zake tukapanda majani ya Guatemala ili udongo usishuke. Makubaliano tuliyaandika kwenye daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, bibi akatia dole gumba. Namshauri kila anayejenga kwenye mteremko afanye hivyo, hata kama jirani ni mtu wa karibu. Bibi yule ni mzee. Warithi wake wako Mbeya na Dar, na wao hawajawahi kukiona kile kibonde.

Halafu yako maji ya paa lenyewe, na hapo hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu linafunika kama mita 120 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Aprili ya huku si kitu cha kushangaza, inamwaga lita 6,000 kwa siku moja, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 240,000. Maji hayo yote yanaanguka mguuni pa ukuta wako usipoyawekea gata. Na matofali ya kuchoma yanakunywa. Yakipigwa na matone yanayoruka kutoka chini, yanapandisha unyevu taratibu, mwaka wa pili rangi inaanza kuvimba, na wa tatu lipu inabanduka kwa mikono.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote cha ndani tulifunga gata pande zote, tukamwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba ulioinama kidogo kuelekea mferejini, na tukapiga lipu ya nje kuanzia chini mpaka juu kidogo ya madirisha. Paa tulikuwa tumelitokeza karibu mita moja nje ya ukuta, na hilo sijalijutia hata dakika moja. Siku hizi imeingia fasheni ya paa la kuficha, ukuta unapandishwa juu ya bati ili nyumba ionekane kama boksi. Kwa watu wa Dodoma au Singida sina neno. Kwa Tukuyu ninaliona ni jambo la hatari, na ninalisema hivyo kwa kila anayeniuliza: maji yote ya paa yanakusanywa ndani ya nyumba yako, kwenye mfereji mmoja mwembamba, na jani moja la parachichi likiziba tundu la kutolea, dari yako imekwenda.

Simtanki la lita 5,000 tuliliweka wakati ule ule. Watu walituuliza la nini, na hapa mabomba ya maji ya mserereko yanatoka mlimani bila pampu. Ni kweli yanatoka. Lakini mvua ikiwa kubwa mno maji ya bomba yanakuja na tope, au yanakatika kwa sababu bomba limeng'olewa na maporomoko huko juu. Siku tunazopata mvua nyingi kupita zote ndizo siku tunazokosa maji safi. Kitako cha tangi kilijengwa kwa mawe na zege, kwa kuwa likijaa lina uzito wa tani tano. Bomba la kumwagia ziada tulilielekeza moja kwa moja mferejini.

Baada ya hapo ndipo tukaingia ndani, na tayari Septemba ilikuwa imekatika.

Kwenye lipu ya ndani shida ya Tukuyu ni kukauka. Saruji inataka maji siku zake za mwanzo, na kwa desturi inahesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake. Maji ya kuimwagilia si tatizo kwetu. Tatizo ni kwamba ukuta ukishapata nguvu bado una maji mengi tumboni, na hewa yetu ya ukungu haiyachukui haraka. Fundi wa rangi alikuja akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema umekauka, tuanze. Mzee wetu wa Mpuguso akaniambia nikate kipande cha nailoni nikibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, nikiache usiku kucha. Asubuhi nilipokwenda, nyuma ya nailoni kulikuwa na matone madogo madogo yamejipanga, na ukuta ulioonekana mkavu ulikuwa na rangi ya kijivu iliyokoza pale palipofunikwa. Nilirudia jaribio lile chumba kwa chumba. Kuta za upande wa mashariki, zinazopata jua la asubuhi, zilikuwa za kwanza kukubali. Za nyuma hazikukubali kabla ya kuhama, na tukazihamia hivyo hivyo bila rangi.

Tuliamua dari iwe ya vyumba vya kulala tu. Bati tupu kwa baridi ya Julai linatoa jasho usiku, na jasho hilo linadondokea kitandani. Tena mvua ikipiga juu ya bati lisilo na dari, mtoto aliye na homa anaweza kukuita na usimsikie. Kwa hiyo kwa vyumba vya kulala dari si pambo. Wenzetu wengi wanapenda jipsamu yenye taa za kujificha, na inapendeza kweli. Lakini jipsamu na unyevu haviishi pamoja. Msumari mmoja ukilegea kwenye bati, doa la kahawia linaonekana ndani ya wiki, na bodi nzima inalainika. Sisi tulipiga mbao nyembamba za paini. Wilaya hii ina miti, lipo hata Shamba la Miti Kiwira la serikali, na mbao zinapatikana kwa bei inayoeleweka. Ubao ukilowa unakauka, ukioza unabadilisha mmoja.

Nyufa ndogo kwenye lipu hazikututisha sana, ila tulizikagua moja moja. Rungwe iko mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na ardhi hutikisika. Wengi tunakumbuka Desemba 2009, matetemeko yaliyobomoa nyumba nyingi Karonga, hapo ng'ambo ya mpaka. Ndiyo maana lenta yetu inazunguka nyumba nzima, haikukatwa juu ya madirisha peke yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni wa saruji kukauka. Ufa unaokwenda kwa ngazi kufuata matofali ni habari nyingine, na huo hauzibwi kwa puti.

Umeme ulikwenda haraka kuliko tulivyotegemea. Kinachohitajika ni fundi mwenye leseni ya EWURA apige wayaringi na kujaza fomu, halafu TANESCO. Tofauti kubwa ni kama mahali pako panahesabiwa kijiji au mji: kijijini tulilipia kuunganishwa kwa shilingi 27,000, wakati mjini kiwango kilichorudishwa 2022, bila nguzo, kilikuwa 320,960. Ulizia kabla hujapanga bajeti. Na jua kwamba mita ya LUKU ikishafungwa, kodi ya jengo inakatwa humo humo, tangu 2021. Radi za huku ni nyingi, kwa hiyo waya wa ardhini hatukuufanyia mzaha.

Sasa nifike jikoni, maana hapo ndipo nilipokuwa mkali kuliko mahali pengine pote.

Ramani yetu ilikuwa na jiko la ndani, la gesi, lenye makabati. Hilo limebaki chumba kitupu mpaka leo. Fedha yake ilijenga jiko la nje, lenye bomba la moshi, kuta za matofali nusu, na rafu ya kuni za mikaratusi chini ya paa. Maharage ya kulisha watu saba hayaivi kwa gesi ya mwalimu. Mbalaga yetu ya ndizi inataka sufuria kubwa na moto wa polepole. Lakini kupika si sababu peke yake. Watu wa huku, baridi ikizidi, wanalichukua jiko la mkaa na kuliingiza chumbani. Bibi zetu walifanya hivyo na hawakufa. Nyumba zao zilikuwa za mianzi na udongo, paa la nyasi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, alizisifia kwa unadhifu wake. Moshi ulipenya kwenye nyasi na hewa safi ikaingia kwenye mianzi. Nyumba zetu za sasa zina vioo, dari na milango inayobana. Mkaa ukiwaka humo unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Habari hizi tunazisikia kila msimu wa baridi. Kwa hiyo niliweka masharti mawili kabla ya kuhama: jiko la nje liwe na paa na liwashwe, na juu ya kila dirisha la chumba cha kulala yawepo matundu ya hewa yenye wavu, yasiyofungika. Mume wangu alisema baridi itaingia. Nikamwambia tutanunua blanketi.

Lilibaki suala la choo, na hilo lilikuwa na mkwe ndani yake.

Mimi ni mke wa Kinyakyusa, na baba mkwe wangu yu hai. Kwa mila ya zamani mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, anakwepa hata njia aliyopita. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na kufanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, waliandika jinsi wavulana wa miaka kama kumi au kumi na mmoja walivyoondoka kwa wazazi wao na kujijengea vibanda pembeni, wakirudi kwa mama zao kula tu, mpaka vibanda vile vikawa kijiji cha rika moja. Katika maelezo ya Monica, vijiji hivyo vilisaidia pia kutenga vizazi, ili mkwe na mkamwana wasigongane mlangoni. Kanisa na shule vimelegeza mengi. Baba mkwe wangu ni Mmoraviani, ananisalimia na tunaongea. Lakini kutumia choo kimoja na mimi, kupita ukumbini asubuhi akiwa na taulo, hapana. Angekuja mara moja asirudi tena, na asingesema kwa nini.

Basi kile chumba cha pembeni, ambacho ramani ilikiita stoo, tukakifungulia mlango wake wa nje na kukiwekea choo na bafu lake. Tuliongeza chemba mbili na bomba la mita chache. Ni gharama iliyozidi ile ya marumaru za sebule nzima, na mume wangu ndiye aliyesema marumaru zisubiri. Karo tulilichimba upande wa chini wa kiwanja, mbali na chemchemi ambayo watu wa bondeni wanachota. Umbali wa mita 30 ndio unaotajwa sana na wataalamu wa afya, sisi tukaongeza. Udongo wa majivu ya volkano unanyonya upesi, na kinachonyonywa kwako kinaweza kutokea kwenye ndoo ya mtu mwingine.

Tulihamia mwishoni mwa Oktoba. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, sebule haikuwa na dari, kuta za nyuma zilikuwa za kijivu, na milango ya ndani ilikuwa miwili, mingine mapazia. Barazani tulikuwa tumeweka bomba na jiwe kubwa la kukwangulia tope, na watoto walifundishwa jiwe hilo siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa vyumba vyao. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuja usiku. Mume wangu alitoka na tochi na mwavuli akazunguka nyumba, mimi nikabaki nikikagua pembe za dari. Mfereji ulipeleka. Tangi lilijaa kabla ya saa sita, na ziada ikatoka ilikoelekezwa.

Kodi tuliyokuwa tukilipa mjini sasa inaingia nyumbani. Kwanza ilitoa milango, kisha rangi ya kuta za nyuma zilipokubali jaribio la nailoni, kisha dari ya sebule. Marumaru zimewekwa bafuni peke yake. Baba mkwe ameshakuja zaidi ya mara moja, anafungua mlango wake mwenyewe.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana wa shule yetu, aliyenunua kiwanja Kyimo, alinijia na simu iliyojaa picha za sebule zenye jipsamu ya ngazi tatu. Anataka kuanza kabla ya mwaka kwisha. Nilimuuliza juu ya kiwanja chake kuna nani. Hakujua. Jumamosi tunakwenda huko pamoja, na nimemwomba asimwite fundi bado. Amtafute kwanza mzee anayelima shamba la juu, atuonyeshe maji yanapopita.